Namibia na Botswana kwa Gari la Kukodi

Ndugu msomaji, wewe umezoea kukodi trekta wakati wa kulima. Labda umewahi kukodi baiskeli kwenda mnadani. Je, umesikia mtu akikodi gari bila dereva, akaliendesha mwenyewe siku kumi, akatoka nchi moja akaingia ya pili, kisha akalirudisha? Jambo hilo ni la kawaida Namibia na Botswana. Leo tufuatane katika safari hiyo. Nauli hatulipi.

Nchi hizi zimepakana, huko kusini mwa Afrika. Namibia iko kando ya bahari ya Atlantiki. Botswana haina bahari. Ni nchi kubwa zenye watu wachache. Namibia ina watu kama milioni 3 tu, na Botswana haifiki hata hapo. Sisi Tanzania tulihesabiwa zaidi ya milioni 61 mwaka 2022. Kwa hiyo usishangae ukienda mwendo mrefu bila kuona nyumba. Mabasi nayo si mengi, ndiyo maana wageni hukodi magari.

Namibia si ngeni kwetu. Wapigania uhuru wake wa chama cha SWAPO walikuwa na kambi Kongwa, mkoani Dodoma, tangu mwaka 1964. Kiongozi wao, Sam Nujoma, aliwahi kuishi Dar es Salaam. Uhuru ulipatikana tarehe 21 Machi 1990, naye akawa Rais wa kwanza. Botswana ilikwisha kujitawala tangu mwaka 1966.

Safari yetu inaanza Windhoek, mji mkuu wa Namibia. Kabla ya kupewa ufunguo wa gari, utapewa mkataba. Usome wote. Yasome hata yale maandishi madogo ya chini, kwa sababu mambo mazito hupenda kukaa huko. Mikataba mingi husema kwamba bima hailipi tairi iliyopasuka, wala kioo kilichovunjwa na jiwe. Mingine husema bima hailipi kitu gari likipinduka lenyewe katika barabara ya changarawe. Anayetia sahihi bila kusoma huyajua hayo siku ya ajali.

Tena gari si lako. Ukitaka kuvuka nalo mpaka, kampuni lazima ikupe barua ya ruhusa. Bila barua hiyo utarudishwa. Lizunguke gari lote kabla ya kuondoka. Ukiona mkwaruzo, taka uandikwe. Tazama tairi za akiba. Kwa barabara za huko, mbili ni bora kuliko moja. Na jeki ijaribu pale pale, usingoje porini.

Magari hupita kushoto, kama kwetu. Unakwenda mashariki kupitia mji wa Gobabis hadi mpakani Buitepos, kama kilomita 320. Barabara ni ya lami na imenyooka sana, hata dereva husinzia. Pande zote unaona uzio wa waya. Hayo ni mashamba ya ng'ombe ya watu binafsi, na shamba moja huweza kuwa na maelfu ya hekta. Nani apate ardhi ni jambo ambalo watu wa Namibia bado wanabishana sana.

Mpakani unaonyesha pasi na ile barua. Unalipa ada ya barabara na bima ya gari la kigeni. Halafu unabadili fedha, maana sasa uko Botswana. Fedha ya Botswana inaitwa pula. Je, unajua maana yake? Pula ni mvua. Nchi yenye jangwa la Kalahari imeita fedha yake mvua! Sikiliza pia maneno mengine ya Kitswana. Mtu ni motho, watu ni batho. Utaona kwamba lugha yao na yetu ni ndugu.

Jua likikaribia kuzama, tafuta pa kulala. Usiku punda na ng'ombe husimama katikati ya lami, na taa za gari huwaonyesha ukiwa umekwisha kuwafikia.

Baada ya mji wa Ghanzi unaelekea Maun. Njiani unakuta uzio mwingine, wa Kuke. Huu si wa shamba la mtu. Uliwekwa na serikali mwaka 1958 kuzuia magonjwa ya mifugo. Nyati wa kaskazini wanaweza kubeba ugonjwa wa miguu na midomo bila wao kuugua. Wanunuzi wa Ulaya hawataki nyama kutoka mahali penye ugonjwa huo, na Botswana huuza nyama Ulaya. Kwa hiyo kwenye mageti ya namna hii askari husimamisha gari. Unashuka na kukanyaga kitambaa chenye dawa. Gari nalo hupita katika dimbwi la dawa. Ukitoka Maun kwenda kusini, nyama mbichi hunyang'anywa, hata ikiwa nusu kilo.

Wageni wengi hunung'unika hapo. Wewe mfugaji utaelewa upesi. Mwaka 1995 ng'ombe waliovuka kutoka Namibia walileta homa ya mapafu katika wilaya ya Ngamiland, ambako Maun ndiyo mji mkubwa. Botswana ilikuwa haijauona ugonjwa huo tangu mwaka 1939. Mwaka 1996 serikali iliamua kuwaua ng'ombe wote wa wilaya hiyo, wagonjwa na wazima. Waliuawa kama 320,000. Fidia ililipwa, na ugonjwa ukaisha. Lakini fikiri, mfugaji anaamka asubuhi na zizi ni tupu. Hakuna maziwa, hakuna ng'ombe wa kulimia, hakuna mahari.

Uzio nao una lawama zake. Katika ukame wa miaka ya 1980 nyumbu walikwenda kutafuta maji, wakazuiwa na waya. Maelfu kwa maelfu walikufa.

Maun iko kando ya maji ya Okavango. Mto huu ni wa ajabu. Unaanza Angola, unapita Namibia, unaingia Botswana, na hapo unatawanyika mchangani. Haufiki baharini. Mvua inanyesha Angola, na maji yake yanachukua miezi kadhaa kufika Maun. Kwa hiyo mafuriko huja wakati wa kiangazi, mwezi wa sita hadi wa nane, wakati wanyama wana kiu.

Kutoka Maun unazunguka upande wa magharibi wa maji hayo hadi Mohembo, unarudi Namibia. Jaza mafuta kila unapoyakuta. Ukipita mji wa Rundu na kushuka kusini, unakuta geti jingine la mifugo. Uzio huu watu wanauita Mstari Mwekundu. Mstari wa kwanza uliwekwa na Wajerumani mwishoni mwa miaka ya 1890, ili kuzuia sotoka, ile ile iliyomaliza ng'ombe wa wazee wetu. Sotoka ilitangazwa kuwa imekwisha duniani kote mwaka 2011, lakini uzio upo kwa ajili ya magonjwa mengine. Wafugaji wa kaskazini hawaupendi, kwa sababu unawazuia kupeleka ng'ombe wao kwenye soko lenye bei nzuri.

Karibu na mji wa Grootfontein simama kidogo utazame jiwe la Hoba. Ni pande la chuma lililoanguka kutoka angani, lenye uzito wa kama tani 60. Mkulima mmoja aligundua jiwe hilo mwaka 1920. Halijahamishwa hadi leo.

Kutoka hapo hadi Windhoek ni kama kilomita 450 za lami. Umekwenda zaidi ya kilomita 2,000. Jaza tangi, osha vioo, kisha zunguka gari pamoja na mtu wa kampuni, ukiwa na ile karatasi ya mikwaruzo mkononi.