Suti Huzeeka Kabla ya Kitambaa Chake

Katika soko la Gikomba, Nairobi, suti zilizotoka Ulaya hutundikwa kwa wingi katika vibanda vya mitumba. Mnunuzi mwenye haraka hutazama bei tu. Lakini mwenye jicho la ufundi huzisoma kama mtu asomavyo kalenda. Koti lenye kola pana, iliyolala kifuani kama masikio ya ndovu, ni la miaka ya 1970. Lile lililojazwa pedi mabegani, hata mvaaji akaonekana amebeba ubao chini ya nguo, ni la miaka ya 1980. Na lile fupi, lenye kubana kwapani na kuacha makalio wazi, ni la juzi tu, baada ya mwaka 2005 hivi. Nyingi katika suti hizo hazina tundu wala mchaniko. Sufi ingali nzima na bitana haijakatika. Wenyewe walizitoa kwa sababu moja tu: mshono wake ulipitwa na wakati.

Jambo hili lamhusu sana karani au mkulima ashonaye suti moja kwa miaka kumi. Suti hiyo atakwenda nayo harusini, kanisani, matangani, na siku atakapoitwa mbele ya waajiri. Akikosea mshono, hawezi kuutupa na kungoja msimu ujao, maana fedha za kahawa au akiba ya mshahara zimekwisha kuingia humo.

Tuchukue kwanza ile sehemu ya kola iliyokunjwa kifuani, kwa kuwa ndiyo inayomfichua mtu upesi kuliko zote. Katika miaka ya 1960 mafundi wengi waliipunguza hata ikafika inchi mbili. Miaka kumi baadaye ilitanuka ikawa inchi nne na zaidi. Kati ya ncha hizo mbili kuna kipimo ambacho hakikuwahi kuchekwa: kola ifikayo nusu ya njia kutoka shingoni mpaka mwisho wa bega, ambayo kwa mtu wa umbo la kawaida huwa kama inchi tatu na nusu. Kipimo hicho hakikutoka kwa wauzaji wa mitindo. Kilitoka katika mwili wenyewe, nao mwili wa mwanadamu haubadiliki kila mwaka.

Suruali nazo zina kisa chao. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, nchini Tanzania, ulitangaza vita dhidi ya mavazi yaliyohesabiwa kuwa ya kigeni, na suruali za kubana zilikuwa miongoni mwake. Haikupita miaka mingi vijana wa Afrika Mashariki wakaonekana katika bugaluu, suruali pana miguuni hata zikafagia vumbi la barabara, na viatu vya raizoni chini yake. Bugaluu nazo zikatoweka, na zile za kubana zikarudi tena katika karne hii. Yule aliyeshona suruali ya wastani, iliyokaa kiunoni hasa na kushuka wima mpaka kiatuni, alivipita vishindo hivyo vyote bila kubadili kitu.

Wako wadhanio kwamba amri ya serikali yaweza kuua mtindo. Katika Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilitaka kuokoa kitambaa, na mwaka 1942 ikakataza suruali za wanaume kushonwa na upindo wa nje miguuni. Manung'uniko yakawa makubwa. Wengine walinunua suruali ndefu kuliko miguu yao, wakaenda kuzikunja nyumbani. Mwaka 1944 katazo hilo likaondolewa. Wala upindo si pambo tupu: uzito wake huivuta suruali ikaanguka vizuri.

Kwa upande wa pili, amri haiwezi kuupa mtindo uhai. Nchini Zaire, chini ya Rais Mobutu, suti na tai vilikatazwa tangu mwanzo wa miaka ya 1970, na wanaume wakavaa abacost, koti lisilo na tai. Mwaka 1990 katazo lilipoondolewa, suti zilirudi mara moja. Lakini ile iitwayo Kaunda suti, iliyopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia, yavaliwa hata leo. Nchini Kenya, Rais Ruto aliirudisha machoni pa watu, na Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa akaikataza ndani ya ukumbi. Hata hivyo nje ya ukumbi mafundi waliendelea kuishona, kwa maana ni nguo nyepesi, isiyotaka tai, na inayofaa katika joto.

Mfano wa koti lililodumu ni la Charles wa Tatu, Mfalme wa Uingereza. Mwaka 2018, kabla hajatawazwa, alihudhuria harusi ya mwanawe Harry akiwa amevaa koti refu la sherehe lililoshonwa mwaka 1984. Koti hilo lilikuwa rika moja na bwana harusi, aliyezaliwa mwaka huohuo, na hakuna aliyeona kasoro. Ni kweli kwamba mtu wa namna hiyo ana mafundi wa kumtunzia nguo; ni kweli pia kwamba hakunenepa, jambo ambalo si kila baba wa watoto aweza kujivunia.

Kwa hiyo anayepeleka kitambaa kwa fundi na amwagize mambo machache waziwazi. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega uishiapo. Koti lifunike makalio. Vifungo viwe viwili katika safu moja, kwani safu mbili hupendwa na kuachwa kila baada ya miaka michache. La muhimu kupita yote, fundi aache kitambaa cha ziada ndani ya mishono, walau inchi moja mgongoni na nyuma ya suruali. Mafundi wengine hukata karibu na uzi ili wabaki na kipande, na mwenye suti hajui mpaka siku atakapotaka kupanuliwa.

Koti pana laweza kupunguzwa, lakini koti jembamba lisilo na akiba haliongezeki. Ndiyo maana mafundi wa Gikomba, wakiletewa suti ya mtumba ili wairekebishe, huigeuza kwanza ndani nje na kuipapasa mishono, kabla hata ya kumtazama mwenyewe kifua.