Mzazi Naye Aulizwe Kama Amelala

Mtoto mwenye usonji akifikishwa kliniki, maswali yote huwa yake: anatamka maneno mangapi, akiitwa anageuka, anakula nini na anakataa nini, usiku analala? Mama hujibu, huandikiwa tarehe ya kurudi, huondoka bila kuulizwa kama yeye mwenyewe alipata usingizi. Hapo kliniki imekosea kitaalamu, tuiweke huruma kando. Mtaalamu huonana na mtoto kwa dakika chache. Kumzoesha kuomba kwa ishara, kumpangia siku isiyomshtua, kumtuliza kelele zikimzidi, yote hufanywa nyumbani na mzazi. Mzazi aliyechoka hadi kukata tamaa hawezi kuyatekeleza, hata aelekezwe vizuri namna gani.

Ushahidi upo. Mwaka 2013 Hayes na Watson walichapisha mapitio ya tafiti nyingi yaliyoonyesha kwamba wazazi wa watoto wenye usonji wana msongo mkubwa kuliko wazazi wa watoto wasio na ulemavu, na hata kuliko wale ambao watoto wao wana ulemavu wa aina nyingine. Watafiti wa Wisconsin, Marekani, walipima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate ya akina mama wenye vijana na watu wazima wenye usonji. Matokeo yao ya mwaka 2010 yalionyesha viwango vilivyoshuka kuliko kawaida, hali inayoonekana pia kwa watu walioishi na msongo kwa muda mrefu. Juu ya uchovu huo huja lawama. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim aliandika kitabu kizima akidai ubaridi wa wazazi ndio chanzo cha usonji. Sayansi ilishalitupa dai hilo, ila mama ambaye mwanawe anapiga mayowe ndani ya daladala bado huambiwa hakumfunza adabu. Pwani ya Kenya, Joseph Gona na wenzake waliwasikia wazazi na wataalamu wakitaja mapepo, uchawi na laana miongoni mwa visababishi. Anayeamini amelaaniwa hujificha, na aliyejificha hasaidiwi.

Wapo watakaosema kwetu mtoto ni wa ukoo, hivyo mambo ya msongo ni ya Wazungu. Ukoo husaidia kweli, lakini mara nyingi ndio wa kwanza kuuliza mama alikosea wapi. Tena mtoto anayechomoka mlango ukiachwa wazi, na asiyeweza kusema wapi panamuuma, si kila shangazi atakubali kubaki naye hata nusu saa. Wengine watauliza fedha zitoke wapi ilhali hata wataalamu wa tiba ya usemi hawatoshi. Jibu linatoka Tennessee, Marekani: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014, akina mama 243 wa watoto wenye usonji na ulemavu mwingine walihudhuria vikundi vilivyoongozwa na akina mama wenzao waliopewa mafunzo. Msongo, sonona na wasiwasi vilipungua, usingizi ukarudi. Mafunzo ya walezi ya Shirika la Afya Duniani nayo yanaweza kutolewa na wasio mabingwa, na yanagusa hali ya mlezi mwenyewe. Shule zenye vitengo vya usonji, kama Msimbazi Mseto ya Dar es Salaam na City Primary ya Nairobi, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa watu wenye usonji wenyewe: mkizungumza hivi, mnatufanya mzigo. Wana haki ya kulisema. Lakini kukesha, upweke na kunyooshewa kidole vinaweza kupunguzwa bila kumbadili mtoto alivyo. Kwenye kadi ya kliniki yaongezwe maswali mawili, usingizi wa mzazi na mtu wa kumpokea mtoto kwa saa moja, na muuguzi ajue atampeleka wapi atakayejibu vibaya. Akina baba nao wasisahaulike, ingawa wametafitiwa kidogo mno. Wao pengine watahitaji kikundi cha Jumamosi, maana kliniki nyingi hufanyika asubuhi za siku za kazi.