Bustani ya Mboga Wakati wa Baridi

Mkulima wa Kinangop au Ol Kalou, baridi ya Juni mpaka Agosti unaijua. Mashamba haya, waliyoanza kugawiwa wananchi katika 1962, yako juu sana, mengine kupita mita 2,400. Usiku mmoja tu waweza kuikausha miche yote, kisha fedha za maziwa ziende sokoni kununua mboga.

Usiku wa mawingu si wa kuogopa sana. Uogope ule wa mbingu safi, nyota tele na upepo kutulia: huo ndio wenye sakitu. Basi jua likishuka, itazame mbingu. Ukiona dalili hizo, simamisha fito juu ya kitalu, utandaze nyasi kavu juu yake, wala zisiguse miche. Asubuhi jua likipanda, funua. Mche uliofunikwa kutwa hurefuka bila nguvu.

Hewa baridi huteremka kama maji, ikalala bondeni. Kwa hiyo bustani ikae mtelemkoni, hata kama udongo wa bondeni unakutamanisha. Tena mama hupenda mboga iliyo karibu na jiko.

Sukuma wiki, kabichi, karoti na vitunguu huvumilia. Maharagwe, nyanya na maboga haviwezi. Ngoja joto lirudi.

Mwagilia asubuhi, shinani. Majani yakilala na maji, ugonjwa wa baka huingia katika viazi, ukahamia nyanya. Mimea iliyougua usiitupe penye mbolea. Ing'oe, uichome.