Tairi la trela hufa kimya, hasara humfikia mwenye mali

Na Mwandishi Wetu

ALFAJIRI katika kituo cha pamoja cha mpaka cha Rusumo, kati ya Tanzania na Rwanda, utingo huzunguka trela na kipande cha nondo mkononi, akigonga tairi moja baada ya jingine. Lenye upepo hurudisha nondo kwa mlio mkavu. Lililoishiwa upepo hutoa sauti kama ya gunia.

Kipimo hicho cha masikio kimeokoa mizigo mingi barabarani. Hata hivyo, hakimwambii mwenye mali tairi lina umri gani, limetengenezwa kubeba uzito gani, wala kama linalingana na mwenzake. Mambo hayo huamuliwa dukani siku ya kununua, na mfanyabiashara mwenye trela moja au mawili akiuliza bei peke yake huja kuyagharamia njiani.

Kwa nini trela ni hatari zaidi

Tairi la mbele likipasuka, dereva huhisi mara moja kwenye usukani. La trela linaweza kuisha upepo Dodoma na dereva asijue hadi Singida, kwa sababu matairi hufungwa mawili mawili na lile zima hubeba mzigo wa mwenzake.

Hesabu yake ni nyepesi. Sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 24 kwenye ekseli tatu zilizofuatana zenye matairi 12. Kila tairi hapo hubeba wastani wa kilo 2,000. Moja likiisha upepo, lililobaki hubeba kilo 4,000, wakati tairi la 11R22.5 lenye alama 148/145 limetengenezwa kubeba kilo 2,900 likiwa katika jozi na kilo 3,150 likiwa peke yake.

Tairi lililozidiwa hivyo hujikunja kila linapozunguka, hupata joto na hatimaye hupasuka. Lile lisilo na upepo nalo huendelea kusuguana na mwenzake, na joto hilo linaweza kuwasha moto ukateketeza trela pamoja na shehena.

Soma ubavu wa tairi

Baada ya saizi, angalia namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, kama 148/145. Hizo si kilo bali alama za uzito. Alama 145 ni kilo 2,900, 148 ni kilo 3,150 na 152 ni kilo 3,550. Namba ya kwanza ni ya tairi linalofungwa peke yake, ya pili ni ya tairi lililo katika jozi. Kwa trela la matairi mawili mawili, ya pili ndiyo inayokuhusu.

Kisha tafuta herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ndizo umri wa tairi: 3523 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Kwenye baadhi ya matairi alama hiyo kamili iko upande mmoja tu, hivyo muuzaji aombwe aligeuze.

Hapo ndipo tairi la mtumba humponza mnunuzi. Kashata zake zinaweza kuwa nzuri huku mpira umezeeka na kuanza kupasuka nyufa ndogo ubavuni. Watengenezaji kadhaa wakubwa hushauri tairi lisitumike baada ya miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama linaonekana jipya. Ushauri huo unalihusu pia la spea lililokaa juani miaka mingi.

Jambo jingine ni aina. Tairi la trela halivuti, linabeba tu. Kashata zake huwa za mistari iliyonyooka na hazina kina kama za matairi ya kuvuta kwenye kichwa cha lori, hivyo hupata joto kidogo. Matairi ya ekseli tatu pia husuguliwa kiubavu kila trela linapokata kona kali kwenye yadi, kwa hiyo yanahitaji ubavu imara.

Jozi moja isichanganye jipya na kipara. Lililo refu hubeba uzito mkubwa zaidi, na fupi huburutwa. Tairi lililovishwa mpira mpya linaweza kufaa kwa trela ikiwa historia yake inajulikana na ubavu wake haujawahi kuzibwa.

Bei ya kweli

Tuchukulie tairi moja linauzwa dola 200 na linamaliza kilomita 50,000, jingine ni dola 300 na linamaliza kilomita 100,000. Kwa kilomita 100,000, la bei nafuu limekula dola 400. Hapo bado hujahesabu siku iliyopotea huku nyanya zikiiva ndani ya makreti.

Dhamana nayo ina mpaka. Duka la Kampala lisilo na tawi kwingine halimsaidii aliyekwama Kahama. Kwa hiyo ni busara kuchagua saizi inayopatikana katika miji mingi ya njia yako, na kutunza risiti.

Tairi bora nalo hufa likikosa upepo. Nondo haiwezi kutofautisha psi 70 na 110, geji inaweza. Upepo upimwe asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi. Likiwa moto baada ya kupanda Sekenke lisipunguzwe upepo, kwani likipoa litakuwa na upungufu, na ndivyo litakavyoanza safari ya kesho yake.