Kuanika na Kuanua: Utunzaji wa Tiara ya Baharini

Utangulizi

Mwezi wa Machi unapokaribia kwisha, upepo wa kaskazi hulegea katika pwani yetu, na wale watumiao tiara kuteleza juu ya maji huko Diani na Watamu huanza kufunga vifaa vyao. Mwaka mmoja binamu yangu, mkaazi wa Ukunda, aliifunga tiara yake jioni ikiwa bado ina majimaji, akaisokomeza katika mfuko wake na kuusukuma mfuko huo mvunguni mwa kitanda. Tiara yenyewe aliinunua kwa mgeni aliyekuwa akirejea kwao, nayo ndiyo iliyompa riziki, kwani kazi yake ni kuwafunza wageni mchezo huo. Masika yakapita. Mwezi wa Juni, upepo wa kusi ulipokaza, aliufungua mfuko akapokewa na uvundo. Rangi nyekundu ilikuwa imechujukia sehemu nyeupe, vibofu vya ndani vimegandana, na vali moja ilibanduka ilipoguswa tu. Msimu ule wote alifanya kazi kwa tiara ya kuazima.

Makala haya yananuia kueleza kilichotendeka ndani ya mfuko ule na namna ambavyo kingeweza kuepukwa. Tumechagua kutumia neno tiara. Kishada nalo lingefaa, ila neno hilo linabeba pia maana ya shungu la matunda au maua, na kwa wengi wetu humrejesha mtu kwenye karatasi na vijiti vya utotoni. Chombo tunachokizungumzia hapa kina nguvu ya kumwinua mtu mzima kutoka majini.

Maumbile ya tiara

Tiara ya kujazwa hewa ilibuniwa na ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walioomba hataza ya ubunifu wao mwaka 1984. Walichokitafuta ni tiara itakayoelea ikianguka baharini na kuweza kupaa tena kutoka pale pale. Jawabu lao lilikuwa mirija: mrija mkubwa wa mbele uliopinda kama uta, na mbavu zinazotoka kwenye mrija huo kuelekea nyuma. Kila mrija una tabaka mbili. Nje kuna ala ya poliesta ngumu, na ndani kuna kibofu chembamba cha poliuretani ambacho ndicho kizuiacho hewa. Baina ya mbavu hutandazwa kitambaa chepesi cha poliesta kilichopakwa utando. Vali nazo hushikizwa kwenye kibofu kwa gundi au kwa joto.

Msomaji ataona basi kwamba mwenye tiara hatunzi kitu kimoja. Anatunza kitambaa, utando, kibofu na gundi, na kila kimojawapo kina adui wake.

Unyevu na chumvi

Watu wengi hudhani kuwa chumvi huitafuna tiara jinsi inavyokitafuna chuma. Sivyo. Poliesta haishiki kutu. Ubaya wa chumvi ni kwamba huvuta maji. Yeyote aliyelelewa Pwani ameiona chumvi ya jikoni ikiloa kikoponi wakati wa masika bila ya kumwagiwa hata tone. Chumvi ya bahari huvuta unyevu zaidi kwa sababu ina kloridi ya magnesi, na tiara iliyokaukia maji ya bahari huendelea kuunyonya unyevu wa hewa hata ikiwa kabatini. Mwenyewe huigusa akaridhika kwamba ni kavu, na wiki mbili baadaye ina majimaji tena.

Unyevu huo hutenda mambo matatu. Kwanza, huotesha kawa. Kawa haili poliesta, bali hula uchafu uliogandia juu yake, nayo huacha madoa yasiyotoka. Pili, huchujusha rangi za vitambaa vya giza na kuzipeleka kwenye vile vyeupe vinavyolaliana navyo. Tatu, na hili ndilo zito, aina nyingi za poliuretani huvunjwavunjwa na maji polepole, hasa panapokuwa na joto. Utando hunata, vibofu hugandana, na gundi ya vali huachia. Mvungu wa kitanda chini ya paa la mabati, mwezi wa Aprili, una unyevu na joto vyote viwili.

Ikumbukwe pia kwamba katika pwani yetu tiara hupumzika zaidi baina ya kaskazi na kusi, yaani katika majuma yale ya masika ambapo hata nguo za kuvaa hazikauki. Mashauri yaliyoandikwa kwa watu wa Ulaya, ambao huzihifadhi tiara zao wakati wa baridi, hayatutoshi.

Kuanika na kuanua

Wanafunzi wa mofolojia wanazijua jozi kama funika na funua, bandika na bandua, tandika na tandua. Anika na anua ni jozi ya namna hiyo, na mtunza tiara anahitaji vitenzi vyote viwili. Aghalabu watu hukumbuka cha kwanza tu. Huiacha tiara ufuoni tangu saa nne hadi alasiri ati inakauka, kumbe ilikauka zamani na sasa inaungua. Miale ya urujuanimno hudhoofisha nyuzi za poliesta. Kitambaa kipya huchakarisha kama karatasi mkononi, lakini kilichozeeka kwa jua hunyamaza na kulegea kama leso kuukuu, na siku moja hupasuka kwa upepo wa kawaida. Isitoshe, tiara iliyoachwa ikipigapiga kwa upepo huchakaa kwenye mishono, na hewa iliyo ndani ya mirija hutanuka kwa joto hata mshono ukaachia.

Mahali pa kuianikia ni kivulini penye upepo: chini ya mwembe, barazani, au juu ya kamba pana isiyoikunja mahali pamoja. Mirija iachwe na hewa kidogo ili ala zake zisilaliane. Kisha igeuzwe, kwa maana maji hujificha kwenye ncha na ndani ya ala. Ikikauka, ianuliwe papo hapo.

Je, isuuzwe kwa maji baridi? Wako wanaokataa, wakidai kuwa maji huusukuma mchanga ndani ya ala. Hofu hiyo ina msingi, lakini mimi naona kuwa kabla ya mapumziko ya masika kusuuza hakuna budi, kwa sababu bila hivyo chumvi itabaki na kuendelea kunyonya unyevu. Katikati ya msimu, kuikung'uta mchanga na kuikausha kunatosha. Kamba na kapi zake, hata hivyo, zisuuzwe mara kwa mara, kwani chembe za chumvi na mchanga huzikwaruza kila zinapokwenda na kurudi.

Kuhifadhi

Tiara ikunjwe kwa kulegea, isikazwe. Mfuko uwe wa kupitisha hewa na uwekwe juu, mbali na sakafu na panya. Buti ya gari ni jiko, isitumike hata kwa siku moja. Ikitokea siku kavu katikati ya masika, mfuko ufunguliwe na tiara ipigwe upepo kivulini, kisha irudishwe.

Binamu yangu alifanikiwa kuvitenganisha vibofu viwili kwa subira na poda, ila cha tatu hakikufaa tena. Kabla ya kila msimu, sasa, huijaza tiara yake hewa jioni na kuilaza ukumbini. Akiikuta asubuhi imelegea, hupaka maji ya sabuni kwenye vali, kisha hukitoa kibofu ndani ya ala na kukipaka kipande kwa kipande, akitazama povu litatokea wapi.