Tuwafundishe Nini Watoto Nyumbani?

Mnamo tarehe 20 Machi, mwaka 2020, shule zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Siku chache kabla ya hapo Kenya nayo ilikuwa imezifunga zake. Katika mji wa Busia, ambao mpaka umeugawa sehemu mbili, watoto wa pande zote walijikuta nyumbani. Lakini tarehe 4 Januari, 2021, watoto wa upande wa Kenya walirudi wote madarasani. Wenzao wa Busia ya Uganda na Tororo walifunguliwa kwa mafungu, wakafungiwa tena mwezi Juni 2021, na ni tarehe 10 Januari, 2022, ndipo milango ilipofunguliwa kwa wote. Watoto wa chekechea walikuwa wamekaa nyumbani miezi ipatayo 22.

Katika miezi hiyo baadhi ya wavulana waliingia mashimo ya dhahabu wilayani Busia, wengine wakafyatua matofali au wakabeba mizigo ya magendo. Wasichana wengi walipata uzazi kabla ya wakati. Hata hivyo zilikuwapo nyumba ambamo mtoto aliyeingia likizoni hajui kusoma alitoka akisoma. Tofauti haikuwa mali. Tofauti ilikuwa kwamba mzazi alichagua machache ya kufundisha, akayashika.

Swali la nini kifundishwe nyumbani halikuisha shule zilipofunguliwa. Askari hupewa uhamisho katikati ya muhula. Polisi hulala zamuni. Tangu mwaka 2007 majeshi ya Uganda yamekuwa yakipelekwa Somalia, na kwa muda huo mama hubaki peke yake na watoto kambini. Karo hukawia, ugonjwa huingia. Kwa hiyo yafaa kila nyumba ya Kikristo iwe na jibu lake tayari.

SHERIA YASEMAJE?

Kwanza tuelewane. Darasa la nyumbani ni msaidizi wa shule, wala si badala yake. Sheria ya Elimu ya Uganda ya mwaka 2008 imeifanya elimu ya msingi ya miaka saba kuwa ya lazima. Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la wazazi waliotaka kuwasomesha watoto wao nyumbani kwa sababu ya imani. Basi mzazi asimtoe mtoto shuleni kwa kudhani kwamba dini yampa ruhusa. Saa za jioni, Jumamosi, likizo na siku za dharura, hizo ndizo zetu.

MAKOSA MAWILI

Wakati wa korona wazazi wengi Wakristo walikosea kwa njia moja kati ya mbili. Wako waliompa mtoto Biblia peke yake, wakisema mengine ni ya dunia. Mtoto huyo aliweza kukariri Zaburi, lakini alipotumwa sokoni hakuweza kuhesabu chenji. Wengine walinunua mitihani ya zamani, wakamkalisha mtoto achague jibu A au B mchana kutwa. Huyo alijua majibu, ila hakujua sababu zake, na baada ya wiki tatu alichoka, akatoroka kwenda kucheza.

Injili ya Luka, mwishoni mwa sura ya pili, yaeleza jinsi Yesu alivyokua: katika hekima, katika kimo, na katika kupendwa na Mungu na watu. Hapo pana akili, mwili, ibada na ujirani. Nyumba inayofundisha upande mmoja tu imeacha kazi nyuma.

MASWALI MATATU YA KUCHAGULIA

Kabla ya kuingiza somo lolote katika ratiba ya nyumbani, jiulize: Je, litamwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kesho? Je, mimi au jirani yangu twalijua vya kutosha kulifundisha? Je, uhamisho ukija, litahama pamoja naye? Somo likikosa majibu haya yote, mwachie mwalimu wa shule.

KUSOMA

Kusoma ndiko kunakofungua milango mingine yote. Mtoto wa Tororo husikia Dhopadhola, Ateso, Luganda, Kiswahili na Kiingereza. Wa Busia husikia Kisamia pia. Aanze na ipi? Aanze na ile anayoiota usiku. Tangu mwaka 2007 mtaala wa Uganda umeagiza madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali inapowezekana, nao wa Kenya umeshika njia iyo hiyo. Mtoto akijua kuunganisha herufi katika lugha moja, atazivukisha mpaka mwenyewe.

Hata hivyo mtoto wa kambini asikose Kiswahili. Leo baba yuko Tororo, mwakani yuko Gulu au Mbarara, na lugha ya mahali hubadilika. Kiswahili ndicho anachokikuta katika kila kambi. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mzazi aliyejifunza Kiswahili jeshini ana utajiri ambao shule nyingi zingali zinautafuta.

HESABU YA MPAKANI

Watu wa Busia hawana haja ya kununua kitabu cha hesabu za kubuni. Soko liko mlangoni, na fedha ni za aina mbili. Mwambie mtoto: tuseme leo shilingi moja ya Kenya inabadilishwa kwa shilingi 28 za Uganda. Tukiwa na 150 za Kenya, tutapata ngapi? Akijibu 4,200, muulize tena: mwenye kubadilisha akitupa 4,000, amechukua ngapi? Kisha mpe gorogoro, kopo lile la kupimia mahindi la kilo mbili, apime gunia la kilo 90 ni gorogoro ngapi.

Hapo hesabu na imani hukutana bila kulazimishwa. Sura ya 11 ya Mithali yaanza kwa kukemea mizani ya udanganyifu. Mtoto aliyeona kopo lililobonyezwa chini ili lichukue kidogo huielewa aya hiyo kuliko aliyeikariri tu.

MWILI NA KAZI YA MIKONO

Tororo imejulikana kwa miaka mingi kuwa na malaria kali. Mpeleke mtoto kwenye dimbwi lililo nyuma ya nyumba, umwonyeshe viluwiluwi vya mbu, kisha mfukie pamoja. Jioni yeye mwenyewe afunge chandarua. Hilo ni somo la sayansi, la afya, na la utii.

Kazi za mikono zigawanywe bila ubaguzi. Mvulana apike ugali, msichana atengeneze baiskeli. Mtume Paulo alikuwa mshona mahema, wala kazi hiyo haikumshushia heshima ya kuhubiri.

HISTORIA YA HAPA

Mtoto akiuliza kwa nini shangazi yake yuko Kenya na sisi tuko Uganda, usimjibu kwa mkato. Mweleze kwamba hadi mwaka 1902 nchi iliyo mashariki ya hapa, kupita Kisumu hadi karibu na Naivasha, ilihesabiwa kuwa ya Uganda, na kwamba mwaka huo Waingereza waliihamishia upande wa pili. Wasamia na Wateso hawakuhama. Mstari ndio uliohama. Mweleze pia kwamba neno boda boda lilizaliwa hapa Busia, kwa vijana waliowavusha watu kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Mtoto anayejua hayo hatamdharau jirani kwa sababu ya kitambulisho chake.

NENO LA MUNGU

Kwa wadogo, chagua hadithi: Yusufu, Ruthu, Samweli. Wa miaka kumi na kuendelea wapewe Mithali, methali moja kwa siku, nao watafute mfano wake mtaani. Walio wakubwa wasome Injili moja tangu mwanzo hadi mwisho, na waruhusiwe kuuliza. Baba asiyejua jibu aseme hajui. Heshima yake haitapungua. Aliye mbali na apige simu siku moja kwa juma, mtoto amsomee aya chache. Ukuta wa nyumba za kambi ni mwembamba, na upande wa pili wake pengine anaishi Mwislamu, au Mkatoliki na wewe ni Mwanglikana. Mfundishe mtoto kuamkia wote na kutodhihaki sala ya mtu.

RATIBA YA SAA MOJA NA NUSU

Haihitajiki siku nzima. Dakika 15 za Neno na sala. Dakika 30 za kusoma kwa sauti na kuandika sentensi tano. Dakika 30 za hesabu. Dakika 15 za historia, afya au hadithi ya babu. Kazi ya mikono haina dakika zake, kwani huambatana na siku. Mama akiwa sokoni, mkubwa amsomeshe mdogo, na mama akirudi aulize jambo moja tu: leo umejua nini ambacho jana hukukijua?

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Hakuna ajuaye ni lini milango ya shule itafungwa tena, au ni lini karatasi ya uhamisho itafika. Siku hiyo ikija, mtoto na abebe begani mfuko wa nguo, na kichwani abebe uwezo wa kusoma, kuhesabu, kufanya kazi na kumcha Mungu. Vitu hivyo havikaguliwi mpakani.