Kiongozi anayetumikia hupimwaje? Tuangalie wafanyakazi wa Japani

Kwetu mashariki neno "mtumishi" limegeuka kuwa cheo. Mtu akiitwa Mtumishi wa Mungu, anatolewa kiti cha mbele na sahani ya kwanza. Katika Marko sura ya 10 neno la Kigiriki ni diakonos, yaani yule anayehudumia wengine mezani, na karibu yake limewekwa neno zito zaidi, doulos, mtumwa. Kila mwanafunzi wa teolojia anajua hayo. Swali gumu ni lingine: utajuaje kama kiongozi fulani anatumikia kweli? Waliojaribu kulijibu kwa vipimo, kwa maulizo na hesabu, wengi wao si wachungaji. Ni wachunguzi wa mambo ya kazi, na moja ya nchi ambamo jambo hili lina uzito mkubwa ni Japani.

Wazo lenyewe lilitoka Marekani. Robert Greenleaf alifanya kazi miaka mingi katika kampuni ya simu ya AT&T, akastaafu mwaka 1964, na mwaka 1970 akatoa andiko fupi liitwalo The Servant as Leader. Alipendekeza tusiangalie kwanza tabia ya kiongozi, bali tuwaangalie wanaoongozwa. Je, wanakua? Wanakuwa na afya, akili na uhuru zaidi kuliko mwanzo? Na wao wanaanza kutamani kuwatumikia wengine? Kwa namna hiyo jibu linatoka mikononi mwa mkubwa na kuwekwa mikononi mwa wadogo. Ninaona hapo ndipo nguvu yote ya wazo hili ilipo.

Huko Japani mtu mmoja aliyelifanya lijulikane ni Ikeda Morio. Huyu hakutoka shule ya biashara. Alisoma teolojia Tokyo, katika chuo cha Kiprotestanti, kisha mwaka 1961 akaingia kampuni ya vipodozi ya Shiseido. Kwa miaka mingi alikuwa sekretari wa wakubwa wa kampuni: kupanga safari zao, kuandaa karatasi zao, kukaa nyuma ya pazia. Mwaka 2001 akawa rais wa kampuni hiyo. Akachukua mchoro wa uongozi ambao tunaujua sote, wenye rais juu kabisa, akaupindua: juu wanunuzi, chini yao wale wanaosimama dukani, na rais chini kabisa akiwabeba wote. Mwaka 2007 alitoa kitabu juu ya uongozi huo pamoja na Kanai Toshihiro, mwalimu wa chuo kikuu.

Lakini neno "kutumikia" halikukuta ardhi tupu kule Japani. Wajapani walikuwa nalo tayari, na lilikuwa limewachosha. Wanalo neno sabisu, walilolichukua kutoka Kiingereza, na katika maduka lina maana ya kitu unachoongezewa bure. Kutoka hapo wakapata sabisu zangyo: masaa ya ziada ambayo mfanyakazi anatumika bila malipo, kana kwamba anaizawadia kampuni. Wanalo pia neno la zamani, messhi hoko, yaani kujifuta nafsi ili kumtumikia bwana au taifa. Kwa hiyo, ukimwambia mfanyakazi wa Tokyo habari ya utumishi, anaweza kufikiri unamwomba yeye atumike zaidi. Njia aliyoijua ilitoka chini kwenda juu. Uongozi wa utumishi unataka igeuke. (Sisi tusicheke. Katika Kiswahili chetu kutumika, kutumikia na kutumiwa yametoka tumbo moja, na kuna waalimu na wauguzi wanaojua vizuri tofauti kati ya la pili na la tatu.)

Na jambo hili linagusa uhai. Wajapani wana neno karoshi, kufa kwa sababu ya kazi kupita kiasi: moyo au mishipa ya ubongo inaharibika kwa uchovu, na wengine wanajiua kwa kukata tamaa. Kesi ya kwanza iliyokubaliwa rasmi ni ya mwaka 1969, ya kijana wa miaka 29 aliyefanya kazi katika gazeti. Sheria ya kuzuia vifo hivyo ilipitishwa mwaka 2014 tu. Kuanzia Aprili 2019 sheria nyingine iliweka mpaka: masaa ya ziada yasipite 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka, ingawa katika hali za pekee yanaweza kufika karibu 100 kwa mwezi mmoja. Inatosha kukokotoa kidogo kuona kwamba hata "mpaka" huo ni mzigo.

Sasa tuje kwenye kipimo. Kinachotumiwa sana kilitungwa na Dirk van Dierendonck na Inge Nuijten huko Uholanzi, kikatangazwa mwaka 2011. Kina maulizo 30 ambayo mfanyakazi anajibu juu ya mkubwa wake, si mkubwa juu yake mwenyewe. Maulizo yanagusa pande 8: kuwapa watu uwezo, kusimama nyuma ili wengine wasifiwe, kudai kila mtu awajibike, kusamehe, kuwa na ujasiri, kuwa mkweli juu ya nafsi yako, kunyenyekea, na kutunza mali na kazi kama uwakili. Angalia kwamba kuwajibisha watu kumo ndani. Wengi wanafikiri kiongozi anayetumikia ni mtu laini asiyekemea. Kipimo hiki hakikubali hivyo. Upande wa kusamehe nao umeulizwa kwa kinyume: je, mkubwa wako anaendelea kukukumbusha makosa ya zamani? Mtu hushindwa kueleza msamaha, lakini anajua sana kama kosa lake la mwaka jana bado linatajwa kila mkutano.

Kukipeleka kipimo namna hii Japani si kazi ya kutafsiri siku moja. Mtu wa kwanza anatafsiri. Mtu wa pili, ambaye hajaona maandishi ya awali, anarudisha tafsiri katika lugha ya kwanza. Kisha wanalinganisha. Halafu mamia ya wafanyakazi wanajibu, na hesabu inaonyesha kama maulizo yaliyopaswa kutembea pamoja yanatembea pamoja kweli. Mara nyingine hayatembei. Mwaka 2017 kipimo hicho kilipojaribiwa katika nchi 8, kati yao Uholanzi, Ureno, Italia na Uturuki, toleo lililosimama vizuri kwa wote lilikuwa na maulizo 18 na pande 5. Kusamehe, kuwajibisha na ujasiri vilibaki nje. Si kwamba havina maana. Kila taifa linavielewa kwa namna yake.

Upande wa pili ni hali njema ya mfanyakazi. Hapo Wajapani wanatumia, kati ya vingine, kipimo cha Utrecht chenye maulizo 9: nguvu mtu anayokuwa nayo kazini, jinsi anavyoiona kazi yake kuwa na maana, na jinsi anavyozama ndani yake. Kila jibu linapata alama kutoka 0 hadi 6. Alama za Wajapani zikatoka chini kuliko za nchi nyingine nyingi. Wengi wangesema haraka: basi hawapendi kazi. Mwaka 2010 Akihito Shimazu na wenzake, pamoja na Mholanzi Wilmar Schaufeli, walichunguza jambo hilo kwa undani. Wakaona kwamba sehemu ya tofauti inatokana na desturi: Mjapani aliyelelewa vizuri hajisifii furaha yake mbele ya watu. Anaishusha. Kwa hiyo alama ya 3 ya Osaka si lazima iwe sawa na alama ya 3 ya Amsterdam, na kupanga mataifa kwa mstari kama mbio za miguu ni kuwaonea watu.

Kuna mtego mwingine. Wachunguzi wanaona tena na tena kwamba wafanyakazi wanaomwona mkubwa wao kuwa mtumishi wanasema pia kwamba wako vizuri. Lakini mtu yule yule, siku ile ile, ndiye anayejibu pande zote mbili. Aliyelala vibaya kwa juma zima atamwona mkubwa wake kuwa mbaya, na atasema amechoka. Kipi kilileta kipi? Wachunguzi makini wanauliza mara mbili, kukiwa na miezi katikati, au wanachukua majibu ya kikundi kizima juu ya kiongozi mmoja. Hata hapo wanasema kwa tahadhari.

Serikali ya Japani ilichukua njia yake. Tangu Desemba 2015, kila mahali pa kazi penye watu 50 au zaidi panapaswa kuwapima wafanyakazi uzito wa moyo mara moja kwa mwaka. Maulizo yanayopendekezwa ni 57. Machache yanamhusu mkubwa: unaweza kuzungumza naye kwa uhuru? Ukiwa na shida, unaweza kumtegemea? Anasikiliza matatizo yako binafsi? Matokeo yanapewa mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri hawezi kuyapata bila ruhusa yake. Aliye katika hali mbaya anaweza kuomba kuonana na mganga.

Kwa maoni yangu ulinzi huo una thamani kuliko hesabu zote. Mfanyakazi akijua kwamba karatasi itafika mezani mwa mkubwa, ataandika kile mkubwa anachotaka kusoma. Wajapani wana maneno mawili kwa hilo: tatemae, kile kinachosemwa mbele ya watu, na honne, kile kilicho moyoni. Bila siri unapima tatemae tu.

Ndiyo maana wanapochambua majibu ya kikundi, wanaambiwa wasishuke chini ya watu 10, ili asije mtu akatambulikana. Ninawaandikia hilo wale wa kamati za parokia, shule na vituo vya afya ambao wangependa kujaribu maulizo ya namna hii kwetu. Kituo kingi cha afya cha kanisa kina wafanyakazi 4 au 5. Mkubwa anaijua hata mwandiko wa kila mmoja. Pengine ingefaa kukusanya majibu ya vituo vyote vya wilaya katika sanduku moja, na yule anayelifungua asiwe mtu anayelipa mishahara.